Siku ya Nane ya Mche

Nasema ukweli, na anayetaka kunicheka anicheke: Mama Odeta nilimfukuza mimi. Si mwalimu mkuu, si wazazi. Ni mimi, Scolastica, mwalimu wa darasa la awali, na mdomo wangu huu.

Alikuja shuleni kwetu Nyantakara kupika uji. Mama wa miaka sitini hivi, mjane, wazazi wake walitoka Rwanda naye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Darasani hakuwahi kukaa hata siku moja. Lakini watoto, jamani, walimganda! Uji ukiwa unapoa, yeye yuko nao nyuma ya jiko, wanachimba, wanapanda miche ya miparachichi aliyoiotesha kwenye makopo.

Kwao mtoto akizaliwa, siku ya nane wanaitwa watoto wa majirani. Wanashika vijiti, wanajifanya wanalima, mtu mzima anawarushia maji kana kwamba ni mvua, wanakimbilia ndani, wanakula, kisha kila mmoja anampa mtoto jina. Mama Odeta akaifanyia miche hivyo hivyo. Mche ukipandwa, watoto wanahesabu siku kwa vijiwe. Siku ya nane wanalima kwa vijiti, yeye anachota maji kwa kikombe, "Mvua hiyo!", wanatimua mbio wakicheka mpaka jikoni, wanakunywa uji, wanatoa majina. Mche mmoja ukaitwa Kisura, mwingine Fundi Baiskeli. Sasa Fundi Baiskeli nani atamwacha na kiu? Mvua zilipokatika, kila asubuhi watoto walikuja na vichupa vya maji kutoka nyumbani, bila kuambiwa.

Mimi roho iliniuma. Niseme tu, ulikuwa wivu. Nimekaa chuoni miaka miwili, watoto wangu mbele ya ubao wanapiga miayo, halafu kwa mpishi wanahesabu mpaka nane bila kutishiwa fimbo!

Mwanzoni mwa kiangazi wakaja wageni kukagua madarasa. Niliwapanga watoto, wamefunga mikono, kimya. Nikatoka kuwapokea wageni. Tunarudi, darasa tupu! Kumbe kulikuwa na mche uliofikisha siku nane, na vijiwe vyao wanavijua wenyewe. Tukawakuta nyuma ya jiko wameloa, sare zimejaa tope.

Mgeni mmoja akatabasamu. "Huu ni mchezo gani, mwalimu?"

Aliuliza kwa wema kabisa, leo ndiyo naona. Wakati ule niliona aibu tu. Nikasema, "Ni huyu mpishi, anawaharibu." Kisha nikamgeukia mtu anayeweza kunizaa: "Wewe mama, kazi yako sufuria. Watoto wangu waache."

Mama Odeta aliosha kikombe, akakiweka juu ya ndoo. Jumatatu hakuja. Tukasikia yuko Nyakanazi, anapika kwenye kibanda cha chakula cha madereva wa malori.

Nikawakataza watoto kwenda nyuma ya jiko, wasichafue sare. Kiangazi chote. Miche kumi na mmoja ikakauka, na mbuzi wakaimalizia. Mtoto mmoja, Wiston, aliniuliza, "Mwalimu, Kisura amekufa?" Nikamwambia akae chini.

Mwaka huu majuto yalinishinda, nikapanda basi mpaka Nyakanazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kaa, ule."

Nilikula kwa shida. Nikamwomba radhi, nikamsihi arudi. Alinisikiliza huku anageuza chapati.

"Nilishakusamehe zamani, mwanangu," akasema. "Ila kurudi siwezi, huku nimeshazoea. Kafanye mwenyewe. Wamwagie maji tu, watakimbia."

Nilirudi na matumaini. Nikatafuta miche mitano, nikaipanda na darasa jipya, tukahesabu siku kwa vijiwe. Siku ya nane nikawapa vijiti, wakalima kidogo, wananitazama. Nikachota maji, nikawarushia nikipaza sauti, "Mvua hiyo!"

Hakukimbia hata mmoja. Walisimama palepale, maji yanawachuruzika usoni. Frida, mdogo kuliko wote, akaanza kulia.

"Nisamehe, mwalimu," akasema. "Sitarudia tena."