Mama na Kesi za Waingereza

Nilipoacha kazi serikalini sikujua kukaa. Asubuhi nilijikuta nimeshavaa, funguo za gari mkononi, na sina pa kwenda. Nilihamisha makochi, kisha nikayarudisha. Mama, ninayeishi naye hapa Azaiba, Uarabuni, alinivumilia siku kadhaa, akachoka.

"Mwanangu, unanitia kizunguzungu. Njoo ukae, unifasirie."

Alichotaka kufasiriwa ni tamthilia za mahakama za Kiingereza. Binti yangu alimwonyesha moja kwenye televisheni kabla hajaenda masomoni, na tangu hapo Mama hakutaka kingine. Kiingereza chake ni kidogo, na maandishi ya Kiarabu yanayopita chini ya picha yanamkimbia. Basi kila siku baada ya sala ya alasiri tulikaa, yeye na chai yake ya tangawizi, mimi ukingoni mwa kochi kama mtu anayengoja teksi.

Hata mimi zilininasa. Chumba kimoja cha mbao, watu wazima wamevaa nywele za bandia, na hakuna anayepiga kelele. Wakili anauliza jambo dogo tu, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, mvua ilikuwa ikinyesha au la, na shahidi aliyeingia akijiamini anaanza kumeza mate. Hakuna bastola wala magari yanayokimbizana, na bado moyo unakwenda mbio. Lakini mwili wangu haukutulia. Nilitikisa mguu, nikachungulia simu, na maneno yakirefuka niliyakata. Wakili anazungumza mpaka koo linamkauka, mimi nasema, "Anakataa."

Siku moja Mama akaniwekea mkono gotini. "Usinikatie. Kasema mengi yule."

"Ni yale yale, Mama."

"Yale yale yepi? Mimi nnataka yote. Anaulizwa, anajibu, anaulizwa tena. Kaka yangu hakuulizwa hata neno moja."

Nikasimamisha picha. Nyumbani kwetu sote tulijua kwamba Mama alikuwa na kaka mkubwa, na kwamba alichukuliwa na watu wenye silaha kule Unguja, mwaka wa mapinduzi uliowatawanya watu, asirudi. Tulijua hivyo tu. Tulipokuwa wadogo, mmoja wetu akikaribia kuuliza, bibi alikuwa akiinuka na kutoka chumbani.

"Niulize," Mama akasema.

"Nikuulize nini?"

"Kama anavyouliza yule mwanamke wakili. Usinionee huruma."

Sikujua pa kuanzia. Nikamuuliza alikuwa wapi. Uani, akasema, akichagua mchele. Waliingia wangapi? Watatu, na mmoja alikuwa akimjua, alikuwa akiwauzia maziwa. Walisema nini?

"Walisema, twende."

"Na yeye?"

Mama akakigeuza kikombe kwenye kisahani. "Aliuliza viatu vyake viko wapi. Mmoja akamjibu, hutovihitaji."

"Aliaga?"

"Hakuaga. Alidhani atarudi."

Nikainuka. Nilikwenda jikoni, nikafungua friji, nikaifunga, nikatoka hadi kwenye gari. Niliendesha mpaka Matrah, nikageuza karibu na bandari, pale zinapofunga meli za watalii, wala sikushuka. Wiki nzima nilikuwa nikifasiri kesi za watu wasiokuwepo duniani, na hii ya kwetu ilikuwa ndani ya nyumba maisha yangu yote.

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu mjomba, mdogo wake Mama, nikamweleza. Alikasirika. "Ya nini kumchokonoa mtu mzima?" Akakata simu. Kesho yake alasiri alikuwa mlangoni, na hata salamu hakuimaliza vizuri.

"Nani kakwambia dada alikuwa uani? Alikuwa dirishani pamoja na mimi."

"Uani," Mama akasema.

"Dirishani, dada. Nlikushika nguo."

"Ulikuwa mtoto mdogo, unajua nini wewe?"

"Nnajua nlikushika nguo."

Walibishana mpaka adhana ya magharibi. Mjomba alisema muuza maziwa hakuwamo. Mama aliapa alikuwamo, amesimama nyuma, hakuinua uso. Sikuwahi kuwasikia wakimtaja kaka yao mbele yetu, na sasa walikuwa wakimgombania. Nilizunguka nao chumbani, mara nimekaa, mara nimesimama.

Baada ya sala mjomba alizungumza taratibu. "Dada, hatujamsomea khitma."

"Nani kaja kunambia kafa?"

Ndivyo alivyokuwa akisema bibi, mjomba akanieleza, mpaka naye akafariki.

"Hakuna aliyekuja," mjomba akasema, "na hakuna atakayekuja."

Mama alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Ijumaa," akasema.

Ijumaa nyumba ilijaa jamaa na majirani. Wanawake walikaa ndani, wanaume wakakaa barazani, juzuu zikagawanywa. Nilibeba sinia la halua, nikarudi kuchukua kahawa, nikarudi tena kuchukua vikombe, mpaka binamu yangu akanivuta kwa nguvu nikae nisome. Nilisoma nikiwa nimechuchumaa. Dua ilipofika kwenye jina la mjomba wangu yule aliyechukuliwa, watu wote waliitika amin. Mama aliitika peke yake, baada yao, kwa sauti kubwa.

Kesi za Waingereza bado anazitazama. Ila siku hizi mjomba huja alasiri, na kabla televisheni haijawashwa mimi huwauliza. Kuhusu muuza maziwa hawajakubaliana. Kila wakinijibu moja nakumbuka jingine, nami nauliza huku nimesimama, kwa sababu bado kukaa sijajua.