Fotoni Mbili Mbele ya Mama Mukwe

Haya ingali inanichoma. Nilirudi Nchelenge, kwetu kando ya ziwa, likizoni kutoka maabara ya wazungu. Mama mukwe, muchuuzi wa samaki toka upande wa Kongo, akauliza hasa nafanya kazi gani. Badala ya kujibu kwa adabu, nikatoa kisanduku changu cha gesi na betri, cha kunasa chembe ndogo, pale bandarini, wenzake wote wakitazama.

"Tunarusha elektroni zipige nyutroni," nikajigamba. "Mara nyingi zinapeana fotoni moja, chembe ya mwanga. Sisi tunatafuta zile chache zinazopeana mbili. Chembe ikipita kwenye gesi, sanduku linalia. Hata hapa chembe zinatushukia toka angani."

Boti ya kutoka kisiwa cha Chisenga ikakaribia, na sanduku likalia kama limepagawa.

"Munasikia? Ndizo hizo!"

Bamama wakapiga vigelegele. Mama mukwe akajifunga kitenge upya kwa fahari.

Nikataka wasikie vizuri zaidi, nikamuamuru mwenye boti azime motere. Akazima. Sanduku nalo likanyamaza kabisa. Kumbe lilikuwa likilizwa na umeme wa cheche za plagi ya motere. Chupa ya gesi ya sanduku sikuwa hata nimeifungua.

Mama mukwe akamugeukia mwenye boti, kwa upole: "Baba, washa tena motere. Mukwe wangu iko na kazi."