Mafuta ya Giaboksi

Muuzaji aliyeniuzia minibisi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaniambia mafuta ya giaboksi hayabadilishwi mpaka gari life. Nilimwamini kwa sababu ya lile shati. Mafuta ya injini nilibadilisha kila mwezi bila kukosa, na yale machafu tulipaka nguzo za nyumba yetu ya Rugenge ili mchwa wasizile. Ya giaboksi sikuyagusa miaka sita.

Mke wangu ndiye aliyesikia kwanza. Alikaa kiti cha mbele kila siku ya soko, akipeleka ndagala zake, wale samaki wadogo wakavu, kuuza soko la Sange.

"Weye, hii gari iko inalia kama mbuzi," aliniambia.

Nikamjibu kwamba aliyeuza gari analijua kuliko muuza ndagala. Hakurudia tena. Mwaka uliofuata nilimzika.

Giaboksi ilikufa asubuhi moja karibu na Sange, katikati ya mashamba ya mpunga. Abiria walishuka, wakasimamisha magari mengine, wakaondoka mmoja mmoja bila kuniaga. Nikabaki na jua. Fundi alipofika kwa pikipiki, alilala chini ya gari, akafungua mafuta. Yalitoka meusi, yakinuka kama maharage yaliyoungua.

"Baba, hii ilianza kulia zamani," alisema. "Hakuna muntu alikuambia?"

Nilitazama kile kiti cha mbele, ambacho tangu mazishi sikumruhusu abiria yeyote kukikalia.

"Hakuna," nikasema.