Mashine Mpya ya Mahagi

Wiki iliyopita niliaibika ofisini kwetu, Bunia. Tuna programu inayochunga mashine zetu za intaneti, na majina ya mashine hizo inayasoma ndani ya faili moja. Nilitamani kujua: nikiongeza jina jipya mule, italiona yenyewe bila kuzimwa na kuwashwa upya? Nikabuni mashine, nikaiita Mahagi Mpya. Ikaiona palepale! Nikafurahi hata nikasahau kuifuta.

Programu ilipokosa jibu la mashine hiyo, ikamwandikia fundi wetu, Dieudonné, kwamba imekufa. Akapanda pikipiki kwenda Mahagi, mji wa mbali, bila kuuliza mtu.

Jioni akampigia simu shefu, mkuu wetu wa ofisi, aliyefungua spika, sote tukasikia: "Shefu, niko Mahagi, mvua imenipiga. Hiyo mashine mpya iko wapi?"

"Ni miye niliibuni," nikakiri. "Nilitaka kuona kama programu itaiona."

"Iliiona, ndugu yangu," Dieudonné akajibu. "Miye ndiye siioni."