Mashangazi wa Paulina

Siku yangu ya kwanza kazini kama muuguzi, hospitalini Mbulu, Matroni alinikabidhi ndoo akanituma kwa mama mwenye kidonda cha titi. Nilitapika nje, nikanawa, nikarudi. Wakati ule kansa tuliiita kidonda kisichopona. Tulikifunga bandeji na kusubiri.

Likaja soko huria. Maduka ya dawa yalifunguliwa hadi vijijini, na hospitalini watu wakaanza kuchangia gharama, kwa hiyo walimeza vidonge vya maumivu mpaka uvimbe upasuke. Nilihamishiwa Hanang, nikarudishwa Mbulu mkoa wa Manyara ulipozaliwa. Hapo nikafanya kazi chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya, mtu mpole mwenye maswali ya kuudhi.

Paulina alitoka Nambis na uvimbe wa titi, bado ananyonyesha. Tulikata kinyama kidogo cha uvimbe, yaani biopsi, tukakipeleka hospitali ya rufaa. Jibu lilikuwa saratani. Mganga Mkuu alimuuliza baba yake, Mzee Tluway, kama ugonjwa huo umewahi kuonekana kwao. Mzee akakana: mama wa watoto ni mzima, na Regina, binti yake mdogo, ni mzima na amekwisha kuchumbiwa.

"Na dada zako, mzee?"

"Wale waliolewa. Walifia kwa waume zao."

Nyumbani kwetu ndivyo tulivyohesabu: binti akishaolewa, kifo chake ni cha boma la mume. Mganga Mkuu hakuchoka kuuliza. Mmoja alifia Masieda kwa titi, wa pili Yaeda Chini kwa titi vilevile, na wa tatu tumbo lilimjaa maji, dalili mojawapo ya saratani ya ovari, ambayo katika ukoo mmoja mara nyingi hufuatana na ile ya titi.

Alimweleza mzee taratibu. Vinasaba vya mwili huharibika kila siku, na zipo jeni, yaani vipande vya vinasaba hivyohivyo, ambazo kazi yake ni kuvikarabati. Kila jeni tunapewa nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama, kama nyumba yenye mafundi wawili wa paa. Anayerithi fundi mmoja mbovu huishi vizuri tu, ila yule wa pili akishindwa ndani ya seli moja ya titi, makosa hurundikana mpaka seli inakua ovyo. Kipimo cha jeni hatukuwa nacho. Alikisia kwa kuwahesabu mashangazi.

"Kwa hiyo ni mimi niliyempa? Mbona siumwi?"

"Mwanamume huibeba mara nyingi bila kuumwa. Hukujua, mzee. Mlete Regina tumwangalie mapema."

Mzee aliomba harusi ipite kwanza, maana nani ataoa nyumba yenye ugonjwa? Harusi ikapita. Paulina tukamzika. Regina hakuletwa.

Alikuja mwenyewe baada ya miaka, titi limeshapasuka. Nilimuuliza mbele ya daktari mgeni kama kwao kuna ugonjwa huo. Akasema aliyeugua ni dada yake tu, lakini yule alikuwa ameshaolewa. Nilitoka nje nikalia, mimi niliyejiona nimeshazoea.

Sasa nimestaafu, mgongo unauma. Mwaka jana nilifunga safari hadi Hanang, kwa mume wa Regina, kwa ajili ya binti ambaye Regina alimwacha alipofariki. Msichana aliniamkia shikamoo, akaniletea maziwa. Nilimweleza baba yake yote, tangu mashangazi wale watatu. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Asante, mama," akasema. "Lakini huyu ni mtoto wa ukoo wetu. Hayo ya kwa kina mama yake hayamhusu."