Meno ya Gidamis na Pini ya Bomu

Kitu cha kwanza Fabiola alichokiona kwa Gidamis ni kwamba hakuwa mtu wa kurusha kitu. Pale karakana ya shamba la ngano la serikali, wenzake walirushiana spana, kamba, hata andazi la chai ya saa nne. Yeye aliinuka, akatembea hadi alipo mwenzake, akamkabidhi mkononi.

"Spana unaipeleka kama posa!" alimtania Hermani, dereva wa trekta.

Gidamis alicheka pamoja naye, na kila alipocheka lilionekana pengo la meno mawili ya mbele, ya chini. Aling'olewa akiwa mtoto, kama walivyong'olewa Wabarbaig wengi wa rika lake. Fabiola, aliyeshona midomo ya magunia ya ngano ghalani, alianza kuyapenda mambo hayo mawili kwa pamoja, ule utaratibu wa mikono na lile pengo.

Gidamis alizaliwa katika tambarare za Basotu kabla trekta hazijafika. Alichunga ng'ombe mahali ambapo baadaye ngano ilitanda mpaka macho yanachoka. Baba yake alihamisha boma zaidi ya mara moja kuikimbia ngano hiyo, lakini mwana aliishia kuajiriwa kuivuna. Katikati, kati ya ng'ombe na ngano, palikuwa na vita. Kagera ilipovamiwa mwishoni mwa mwaka 1978, yeye alikuwa mgambo, na walimchukua pamoja na vijana wengine wa Hanang. Kwenye mafunzo koplo mmoja aliona jinsi mkono wake, uliozoea mkuki na fimbo, unavyofikisha jiwe mbali. Akampanga kwenye kundi la warusha mabomu ya mkono.

Koplo huyo alipenda kufundisha kama mwalimu wa historia. Aliwaambia kwamba watu walirushiana mabomu tangu zamani sana, wakijaza baruti kwenye vyungu vya udongo, na kwamba Wazungu walilipa bomu hilo jina la tunda, komamanga, kwa kuwa ndani limejaa kama tunda lilivyojaa punje.

"Komamanga ndiyo nini, afande?" aliuliza Gidamis.

"Tunda. Liko pwani."

"Kwetu tungeliita kibuyu, afande."

Kundi zima lilicheka, na tangu siku hiyo bomu likaitwa kibuyu mpaka walipoingia Uganda.

Aliporudi alipata kazi shambani, kwanza utingo, halafu msaidizi wa mashine ya kuvunia. Mwaka 1982 ndugu zake walipeleka asali ya posa Mogitu, kwa Mzee Margwe, baba yake Fabiola. Mzee Margwe alikuwa Mwiraqw na Mkristo wa muda mrefu, mkulima wa mahindi na maharage, na kumwoza binti yake kwa Mbarbaig halikuwa jambo lililomjia kwa urahisi. Alikubali kwa sababu mbili. Kijana alikuwa ameanza mafundisho ya ubatizo, na kijana alikuwa amepigana. Hiyo ya pili ndiyo aliyoitangaza kila Jumapili nje ya kanisa. "Mkwe wangu ni mrusha mabomu," alisema. "Amefika Uganda kwa miguu."

Kisha gari la sinema likaja.

Lilikuja mwezi wa sita, kukiwa na baridi kali. Watu wa Gehandu, Basotu na Mogitu walijifunika mashuka na mablanketi, wakakaa mbele ya ukuta wa ghala palipotundikwa kitambaa cheupe. Jua lilipozama picha ikaanza. Ilikuwa ya vita vya Wazungu. Askari mmoja mwenye kidevu kipana alikimbia chini ya risasi, bunduki mkono mmoja, bomu mkono wa pili. Akaingiza pete ya bomu mdomoni, akang'oa pini kwa meno, akaitema, akarusha. Nyumba ikapaa.

Watu walipiga kelele za furaha. Kelele zilipopungua, Hermani akageuka nyuma.

"Gidamis! Hebu cheka kidogo."

"Nicheke nini?"

"Tuone pa kung'atia pini!"

Kicheko kilipasuka kutoka mbele hadi nyuma.

"Mimi nilivuta kwa kidole," alisema Gidamis.

"Kidole! Mwenzako bunduki iko mkononi, wewe unatafuta kidole? Ulikuwa unapika uji wa jeshi wewe!"

Gidamis naye akacheka, na alipocheka ndipo alipoharibu zaidi, maana pengo likaonekana na wote. Mzee Margwe hakucheka. Alisimama, akajifunga blanketi lake vizuri, akasema, "Fabiola, nyumbani."

Njiani Fabiola alijaribu. "Baba, ile ni sinema tu."

"Sinema ni picha. Picha hupigwa kwa kitu kilichopo. Wewe umeona picha ya kitu ambacho hakipo?"

"Watu wanaigiza, baba."

"Meno yale nimeyaona. Na ya Gidamis nimeona hayapo. Jeshi lilimchukua afanye nini? Mtu aliyenidanganya vita, atanidanganya na wewe." Baada ya hatua kadhaa akaongeza, "Asali yao itarudi."

Fabiola hakulala vizuri. Asali ikirudi, posa imekufa. Hakuna mtu wa Mogitu aliyewahi kuona asali iliyorudishwa ikapelekwa tena mlango uleule. Kesho yake alimfuata Gidamis karakana.

"Mweleze baba."

"Nimeeleza. Nimesema kidole."

"Mweleze zaidi. Mweleze vita."

Gidamis alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Vita si kitu cha kumweleza mkwe," alisema.

Jumamosi Mzee Margwe alifika mwenyewe, akimswaga punda aliyebeba asali. Wafanyakazi waliacha kazi. Fabiola alitoka ghalani na sindano yake ya magunia mkononi, akasimama karibu na mlango.

"Shikamoo, baba," alisema Gidamis akitoka uvunguni mwa tela.

"Marahaba. Nimerudisha mali yenu."

"Nimeiona, baba. Lakini naomba neno moja. Pini ya bomu imekunjwa miguu ili isichomoke ovyo. Unainyoosha, unatia kidole kwenye pete, unavuta kwa nguvu zako zote huku mkono mwingine umelibana bomu. Ukitumia meno, yanayotoka ni meno."

"Maneno hayo hata mimi naweza kuyatunga."

Gidamis aliinamisha macho. Chini ya tela kulikuwa na pini ya chuma, miguu yake imekunjwa, inazuia gurudumu lisichomoke. Mzee Margwe alimwona akiitazama.

"Inafanana na hii?"

"Inafanana kidogo, baba. Hii ni nene zaidi."

"Mimi sijapoteza jino hata moja. Navunja mifupa." Mzee akapiga goti.

"Baba, tafadhali usijaribu!"

"Mwache," alisema Hermani, "tupate sinema ya mchana."

Mzee Margwe aliing'ata pini, akashika gurudumu kwa mikono yote miwili, akavuta. Shingo ilimvimba. Pini haikutikisika. Akavuta tena, na safari hii kilisikika kitu kidogo, kama punje ya mahindi inayopasuka chunguni. Mzee aliinuka polepole, akatia kidole mdomoni, akatoa kipande cha jino. Alikitazama kiganjani kwa muda.

"Yule Mzungu," alisema mwishowe, "ni mwongo mkubwa."

Walicheka hadi punda akashtuka. Gidamis peke yake hakucheka. Alikuwa amemletea mzee maji ya kusukutua. Mzee alisukutua, akatema, akamtazama.

"Sawa. Ulivuta kwa kidole, ukarusha. Ukaua wangapi?"

"Sijui, baba."

"Hujui?"

"Nilirusha, nikalala chini. Moja tu ndilo nililoliona. Walisema kuna askari nyuma ya ua. Tulipoingia tulikuta wameshakimbia, palikuwa zizi. Palikuwa na ng'ombe mweupe. Alikuwa hajafa bado." Gidamis aliangalia mikono yake. "Huyo ndiye ninayemjua."

Mzee Margwe, aliyefuga tangu akiwa mtoto, hakuuliza tena. Alizunguka upande wa pili wa punda, akazikaza upya kamba za asali, moja baada ya nyingine.

"Mtu anayetunga vita," alimwambia Fabiola bila kugeuka, "hatungi ng'ombe." Kisha akapaza sauti: "Mama yako aanze kutengeneza pombe ya asali, au mnataka ichachie njiani?"

Gidamis alibatizwa mwezi wa saba, akaitwa Julius, ingawa karakana nzima iliendelea kumwita Gidamis. Tangazo la kwanza la ndoa limesomwa kanisani, na la pili. Padre ameweka arusi Jumamosi itakayofuata siku mashine ya mwisho itakapotoka shambani, maana kabla ya hapo bwana arusi hapati ruhusa. Kwa hiyo Fabiola anashona magunia upesi kuliko wote, na kila trekta inapoingia ghalani anamwuliza Hermani ngano iliyobaki imefika wapi.

"Bado upande wa Basotu," anamjibu Hermani leo, akishuka na vumbi lake. "Kipande kile cha chini tu. Mvua ikitustahi, shemeji, nenda kajaribu gauni."

Fabiola anatoka nje kuangalia anga. Ni jeupe, halina wingu.