Furu wa Mama Mkwe

Juzi pale sokoni Igogo mama mmoja alimuuliza muuza samaki kama ana furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Mama mkwe wake alikuwa mgonjwa, hataki chakula, na asubuhi hiyo alikuwa ametamka neno moja tu: furu.

"Furu wameliwa na sangara," alijibu muuzaji, akigeuza mapanki, yale mabaki ya sangara ambaye viwanda vimekata minofu yake kupeleka Ulaya. "Chukua haya, mchuzi wake mtamu."

Mama akabetua mdomo. "Sangara si samaki wa asili. Aliletwa na watu."

"Na wewe shemeji, ni wa hapa hapa?"

"Mimi nimeolewa hapa. Kwetu Musoma."

"Basi na wewe umeletwa na watu!"

Tulicheka sisi wateja tuliokuwa tukisubiri, naye akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Siku nilipoletwa," alisema, "mama mkwe ndiye aliyenipikia furu."

Bibi mmoja nyuma yangu akafungua kikapu chake, akatoa furu wachache aliopata kwa wavuvi wa ndoano, akamwekea mikononi. "Mpelekee angali na hamu."

Utotoni tuliwavua furu kwenye mawe tukawatupia paka. Sasa tunamlaumu sangara, kana kwamba alikuja ziwani kwa miguu yake.

Mimi nilinunua mapanki. Wanangu waliyala wakilamba vidole. Hiyo ndiyo ladha ya ziwa wanayoijua, nami sikuwa na nyingine ya kuwaonjesha.